Dawa za shamba na uvimbe wa ubongo: yale mlimaji anapashwa kujua

Kila mwaka msimu A ukianza, mwezi wa tisa, pompi zinarudi mgongoni. Kwenye vilima vya Lubero, Masisi na Nyiragongo watu wanapulizia viazi na kabichi. Rutshuru ni nyanya na maharagi. Kwenye bonde la Ruzizi ni mpunga na mboga. Mara mingi anayepulizia amevaa sapatu, suruali imekunjwa mpaka magotini, na kitambaa kimefungwa puani. Jioni anasema kichwa kinamuuma na macho yanawaka. Analala, na asubuhi anarudi shambani.

Hiyo ya kuumwa kichwa kwa siku moja, kila mlimaji anaijua. Kile ambacho wengi hawajasikia ni kwamba kwa miaka zaidi ya 40 wanasayansi wanafuatilia jambo lingine, la polepole: kama kazi ya shamba, na zaidi sana dawa zake, inaongeza hatari ya kupata uvimbe katika ubongo ao katika mishipa ya fahamu. Jibu lao si « ndiyo » ya moja kwa moja, na si « hapana » pia. Lakini linagusa kabisa namna dawa zinavyoshikwa hapa kwetu.

Uvimbe huo ni nini

Waganga wanauita tumeri. Ni sehemu ya mwili inayoanza kukua bila utaratibu. Ikikua ndani ya kichwa inakosa nafasi, kwa sababu mfupa wa kichwa hautanuki, na hapo inaminya ubongo. Si kila tumeri ni kansa. Zile zinazoitwa meninjioma zinaota kwenye ngozi laini inayofunika ubongo. Nyingi kati yao zinakua polepole, si kansa, na zinapata wanawake kuliko wanaume. Zile zinazoitwa glioma zinaota ndani ya ubongo wenyewe, na kati yao kuna zile mbaya zaidi. Kuna pia zinazoshika mishipa ya fahamu, kwa mufano ule wa sikio, ambapo mgonjwa anaanza kwa kupoteza kusikia upande mmoja.

Ni magonjwa yasiyo ya kawaida. Mwaka 2020, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lile lenye makao Lyon, Ufaransa, na ambalo ni tawi la OMS, lilihesabu wagonjwa wapya karibu 308 000 wa kansa za ubongo na mfumo wa fahamu katika dunia nzima. Ni watu 3 ao 4 kwa kila watu 100 000 kwa mwaka. Kwa hiyo mtu asisome habari hii na kufikiri kwamba kila anayebeba pompi ataugua ubongo. Wengi sana hawataugua.

Sababu zinazojulikana kwa uhakika ni chache: miali yenye nguvu, kama ile ya kutibu kansa kichwani, na magonjwa machache ya kurithi katika jamaa. Kwa wagonjwa wengi waliobaki, munganga hawezi kusema tumeri imetoka wapi. Ni hapo watafiti walipoanza kuangalia kazi za watu.

Kwa nini walimaji

Huko Marekani na Ulaya iligunduliwa jambo la kushangaza kidogo. Walimaji walikuwa wanakufa kidogo kuliko watu wengine kwa kansa ya mapafu na magonjwa ya moyo, juu walikuwa wanavuta tumbaku kidogo na kufanya kazi ya nguvu. Lakini kwa kansa chache tu hesabu yao ilipanda juu ya wengine: kansa za damu, ya prostati, na ya ubongo.

Mwaka 1998, watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 33 zilizokuwa zimefanywa juu ya ulimaji na kansa ya ubongo, wakazipima pamoja. Walimaji walikuwa na hatari zaidi kwa asilimia 30. Mwaka 2021 wengine walirudilia hesabu hiyo wakiwa na tafiti 52, wakapata asilimia 13. Inafaa kuelewa hesabu hii vizuri, kwa sababu redioni asilimia zinaogopesha. Asilimia 30 haimaanishi kwamba walimaji 30 kati ya 100 wanaugua. Ni kusema kama katika watu 100 000 walikuwa wanaugua 4 kwa mwaka, kati ya walimaji 100 000 watakuwa 5 hivi. Ni kidogo kwa mtu mmoja. Katika majimbo ambako karibu kila jamaa inaishi kwa shamba, si kidogo.

Tena, neno « mlimaji » linachanganya watu wengi: yule anayechunga ng'ombe, yule anayevuna, na yule anayechanganya dawa kila juma. Watafiti walipowatenganisha, picha ikawa wazi zaidi.

Mashamba ya zabibu ya Gironde

Mfano mmoja unatoka Gironde, upande wa Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Huko wanalima zabibu za divai, na zabibu inashikwa na mildiu, ugonjwa wa kuvu ulio ndugu wa ule unaounguza majani ya viazi vyetu wakati wa mvua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya dawa wanazopulizia kule ni za kuua kuvu. Watafiti walichukua wagonjwa 221 wenye tumeri ya ubongo, wakawalinganisha na watu wazima 442 wasio na ugonjwa huo, wakiuliza kila mmoja historia ya kazi zake zote. Matokeo yalitoka mwaka 2007. Kwa jumla, kuwa umeshika dawa tu hakukuonyesha tofauti kubwa. Lakini kwa wale walioguswa na dawa nyingi kuliko wote kazini, hatari ilikuwa mara mbili hivi, na kwa glioma peke yake mara tatu. Hata watu waliokuwa wanapulizia dawa kwenye maua ya nyumbani walionekana kuwa na hatari iliyopanda.

Baadaye ukaja utafiti mkubwa zaidi, unaoitwa AGRICAN. Kati ya 2005 na 2007 uliandikisha watu zaidi ya 180 000 wa bima ya walimaji ya Ufaransa, wanaume kwa wanawake, wenye mashamba na wafanyakazi wa siku, na tangu hapo unawafuata kupitia rejista za kansa. Mwaka 2017 watafiti hao walitangaza kwamba wale waliokuwa wakitumia dawa kwenye mimea walikuwa na hatari ya glioma karibu mara mbili kuliko wengine. Kisha wakachimba zaidi upande wa jamii moja ya dawa, karbamati, ambamo kuna dawa za kuua wadudu, za kuua kuvu na za kuua majani. Katika watu wale 180 000 na kitu walihesabu tumeri 381, na kwa dawa mbalimbali za jamii hiyo wakaona hatari iliyopanda, kwa glioma na kwa meninjioma pia.

Hii karbamati si neno la mbali. Mankozebu, ule unga wa manjano ambao karibu kila mlimaji wa viazi wa Kivu ameukoroga ndani ya ndoo, iko katika jamii yake ya karibu, ditiokarbamati. Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza ruhusa ya mankozebu mwishoni mwa mwaka 2020, ukisema inaweza kuharibu uzazi na kuvuruga homoni. Sababu yao haikuwa ubongo, na haifai kuchanganya mambo hayo mawili. Lakini unga wenyewe bado unauzwa sokoni hapa kwa kilo na kwa nusu kilo.

Pia kuna tafiti ambazo hazikuona kitu. Ule mkubwa wa Marekani, katika Iowa na North Carolina, unaofuata walimaji na wake zao tangu 1993, haukuonyesha ongezeko la wazi la kansa ya ubongo kwa jumla. Ni kwa sababu hiyo taasisi ya utafiti wa afya ya Ufaransa, Inserm, iliposoma tafiti zote hizi mwaka 2021, iliweka tumeri za ubongo za watu wazima katika daraja la katikati: kuna dalili za uhusiano, lakini si zenye nguvu kama zile za ugonjwa wa Parkinson ao kansa ya prostati, ambazo zimewekwa daraja la juu.

Jambo la watoto ni lingine

Kwa watoto, Inserm ilipandisha daraja. Ilisema kuna dalili zenye nguvu za uhusiano kati ya dawa za kuua wadudu na tumeri za ubongo za watoto, pamoja na kansa ya damu, pale mama alipoguswa na dawa akiwa na mimba ao mtoto mwenyewe alipoguswa nazo akiwa mdogo. Nyingi ya tafiti hizo zinazungumzia dawa za nyumbani, zile za kuua mbu, mende na viroboto, si za shamba peke yake.

Wanasayansi wanaona namna jambo hilo linavyoweza kutokea. Ubongo wa mtoto aliye tumboni unagawanya chembe zake mbio, na kosa dogo likiingia wakati huo linabaki. Tangu miaka ya 1960 inajulikana kwamba panya jike mwenye mimba akipewa kemikali za jamii inayoitwa nitroso, watoto wake wanakuja kuota tumeri za ubongo na za mishipa, wakati mama mwenyewe anaweza kubaki mzima. Na dawa nyingine za karbamati zinaweza kugeuka kuwa kemikali za namna hiyo zikikutana na asidi ya tumbo. Hiyo ni maabara, ni panya. Lakini ukiangalia nani anapalilia ndani ya viazi vilivyopuliziwa jana, nani anafua suruali ya bwana aliyerudi na pompi, na nani anatunza magunia ya maharagi yaliyotiwa unga wa kuua wadudu chini ya kitanda, ni mama. Mara mingi mtoto yuko mgongoni.

Mavazi, ngozi na sabuni

Kuna utafiti mmoja ambao ungefaa kusikiwa na kila mlimaji. Ulifanyika kati ya wakaaji wa vijijini wa majimbo manne ya Marekani: Iowa, Michigan, Minnesota na Wisconsin. Ulikuwa unatafuta chanzo cha glioma. Kwa kulima kwenyewe haukuona hatari iliyopanda. Lakini watafiti waliuliza pia swali la kawaida kabisa: ukimaliza kupulizia, unaoga mara moja? Unabadilisha nguo? Wale waliojibu kwamba hawaogi kamwe mara moja walikuwa na hatari karibu mara tatu kuliko wale wanaooga kila mara. Kwa wale wasiobadilisha nguo, ilikuwa karibu vilevile.

Utafiti mmoja hautoshi kufunga mjadala. Lakini unakubaliana na jambo lingine linalojulikana vizuri: kwa mtu anayepulizia, njia kubwa ya dawa kuingia mwilini ni ngozi, si pua. Kile kitambaa cha puani ambacho watu wanakiamini sana hakizuii mengi, na kikilowa dawa kinaibandika kwenye mdomo. Wakati huo pompi inavuja mgongoni, majani yaliyolowa yanagusa mapaja, na mikono iliyochanganya dawa inapangusa jasho la uso. Ngozi haipitishi dawa sawa mahali pote. Kiganja kinakataa kiasi, lakini paji la uso, kwapa na sehemu za siri zinapitisha haraka zaidi. Mwanaume anayeenda kujisaidia shambani bila kunawa anajipaka dawa mahali pabaya kuliko pote.

Kwa hiyo vifaa vya kwanza si vile vya bei kali. Ni shati ya mikono mirefu, suruali ndefu inayoshuka juu ya mabote (si ndani yake, juu dawa itatiririka mpaka mguuni), magan ya mpira wakati wa kuchanganya, na kipande cha shitingi kilichofungwa mgongoni chini ya pompi na kingine mbele kama aproni. Wakati wa kuchanganya ndipo hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu dawa bado haijatiwa maji. Kukoroga kwa mkono, hata mara moja, ni kosa, fimbo ipo. Pompi inayovuja itengenezwe kabla ya kujazwa, na upepo uachwe nyuma. Kisha maji na sabuni palepale, kabla ya kula, kabla ya sigara, kabla ya kumbeba mtoto. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, si pamoja na nepi na mashuka, na maji yake yasimwagwe mtoni.

Kuhusu maziwa: katika vijiji vingi mtu akitoka kupulizia anapewa kopo la maziwa ili « yasafishe sumu ». Maziwa ni chakula kizuri. Dawa iliyokwisha kupita ngozi haiyafuati, haitoki kwa maziwa. Pesa ya kopo moja inanunua sabuni ya juma zima.

Chupa isiyo na jina

Shida nyingine ya huku ni kwamba mlimaji hajui anapulizia nini. Dawa inavuka mpaka kwa jerikani, inagawanywa dukani ndani ya chupa ndogo za maji ya kunywa, na muuzaji anaandika kwa kalamu « ya nyanya » ao haandiki kitu. Chupa ya kweli ina mstari wa rangi chini ya karatasi yake. Nyekundu ni sumu kali sana, manjano ni sumu, bluu ni ya kuangalia, kijani ni ya hatari ndogo. Lakini rangi hiyo inaonyesha sumu ya siku ileile, si kansa ya miaka 20 mbele. Mankozebu yenyewe haina ukali wa kuua mtu siku moja, ndiyo maana watu wanaizoea.

Kuna majina machache ya kutafuta kwa maandishi madogo. Mwaka 2015 lile shirika la Lyon liliweka malationi, diazinoni na glifosati katika kundi la vitu ambavyo « huenda vinaleta kansa » kwa binadamu, na lindani katika kundi la vile ambavyo ni hakika. Kwa hao wanne ni kansa za damu zilizoangaliwa zaidi, si ubongo. Endosulfani, iliyokuwa inapendwa sana kwenye mashamba ya kahawa na pamba, ilikatazwa mwaka 2011 na Mkataba wa Stockholm, ambao Congo ni mwanachama wake. Mtu akipewa leo chupa ya zamani ya dawa hiyo kwa bei ya chini, ajue kwa nini ni ya bei ya chini.

Chupa tupu isioshwe kwa kuwekea mafuta, kasiksi ao maji ya mtoto wa shule. Inasukutwa mara tatu, maji yake yanarudishwa ndani ya pompi na kupuliziwa shambani, kisha inatobolewa. Na kwa maharagi ya kuhifadhi hakuna hata haja ya unga: jerikani kavu iliyojazwa mpaka juu na kufungwa kabisa inaua wadudu kwa kukosa hewa.

Mgonjwa akionekana

Dalili za tumeri zinakuja polepole. Kichwa kinachouma asubuhi kuliko jioni na kuongezeka juma kwa juma, kutapika bila tumbo kuuma, mkono ao mguu wa upande mmoja kulegea, macho kupungua, maneno kupotea, tabia kubadilika. Na moja ya muhimu sana: kifafa kinachoanza kwa mtu mzima ambaye hakuwa nacho kamwe. Hapa kwetu mgonjwa wa namna hiyo anapita kwanza kwa wachungaji na kwa wapiga ramli, watu wanazungumzia bulozi ao karuho, jamaa zinagombana, na miezi inapita. Anapofika kwa munganga mara mingi anakuwa haoni tena.

Lakini si kila dalili hizo ni tumeri. Katika vijiji vinavyofuga nguruwe bila choo, mayai ya minyoo ya nguruwe yanaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa kilekile. Kifua kikuu kinaweza pia kuota uvimbe ndani ya kichwa. Yote mawili yana dawa. Ndiyo maana skana inahitajika, na ndiyo shida: kutoka Walikale ao Shabunda, safari ya kufika mji wenye mashine hiyo inaweza kugharimu kuliko mavuno ya msimu.

Tofauti na hayo yote ni sumu ya siku ileile. Mtu akitoka kupulizia na mate yanamtiririka, jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inaruka, anapumua kwa shida, hiyo ni haraka ya saa, si ya majuma. Avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, asilazimishwe kutapika, apelekwe kituo cha afya na chupa ya dawa mkononi. Kwa jamii mbili za dawa, fosforo na karbamati, kituo kikiwa na atropini kinaweza kumwokoa.

Ufaransa iliandika Parkinson katika orodha ya magonjwa ya kazi ya walimaji mwaka 2012, kansa moja ya damu mwaka 2015 na ya prostati mwaka 2021, na tangu 2020 kuna mfuko wa kuwalipa waathirika wa dawa, hata watoto walioguswa wakiwa tumboni. Tumeri ya ubongo haina mstari wake katika orodha hiyo. Kila mgonjwa anatetea kesi yake. Mlimaji wa Kivu wa shamba la jamaa hana orodha wala mfuko. CNSS ni ya wenye mshahara.

Hata hivyo kesi zile za Ufaransa zilisimama kwa sababu watu waliweza kusema walipulizia nini, mwaka gani, kwenye mmea gani. Vyama vya walimaji vilivyo na katibu vinaweza kuanza na daftari la shule: tarehe, shamba, jina lililo kwenye karatasi ya chupa, nani alibeba pompi. Kama chupa haina karatasi, iandikwe hivyo pia, pamoja na duka ilikonunuliwa.